Dakika kumi mbele ya darasa: namna ya kuandaa wasilisho likaeleweka

Kazi yangu ni kukaa kiti cha nyuma na karatasi ya alama, kusikiliza wanafunzi wakiwasilisha. Mara nyingi slaidi ya pili haijafunguliwa nimeshajua mambo yatakwendaje. Siangalii viatu wala sauti. Naangalia kama huyu aliyesimama anajua anataka nitoke na nini mle chumbani. Wengi hawajui. Mada wanayo, kurasa za maelezo wanazo, picha nzuri wanazo, hoja hawana.

Kwa hiyo kabla hujagusa kompyuta, andika sentensi moja: kitu unachotaka msikilizaji aweze kumsimulia mwenzake jioni. Tuseme umepewa mada "Historia ya usafi wa mikono hospitalini". Ukiibeba ilivyo utaanzia enzi za kale, na muda utakuishia hujafika popote. Sasa ijaribu hivi: "Mwaka 1847 daktari mmoja wa Vienna alionyesha kwamba mikono ya madaktari ndiyo iliyokuwa ikiua akina mama waliojifungua, na wenzake wengi wakakataa kumsikiliza." Hapo kuna mtu, kuna mahali, na kuna ugomvi. Mimi tayari nataka kujua iliishaje.

Sentensi hiyo sasa ndiyo mlinzi wako wa mlangoni. Kila unachotaka kukiingiza, kipitie kwake. Ignaz Semmelweis, yaani daktari huyo wa Vienna, alizaliwa lini, alisomea wapi, alikuwa na ndugu wangapi? Vyote vibaki nje. Hospitali moja yenye wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti, nyingine ya wakunga ambao hawakupasua maiti, na vifo vingi zaidi kwa madaktari? Hicho kiingie, tena kikae mbele, maana bila hicho hakuna atakayeelewa yanayofuata. Kwa dakika 10 hoja tatu zinatosha: tatizo lilikuwa nini, alifanya nini, kwa nini alikataliwa. Ukiongeza ya nne, moja kati ya hizo itasemwa mbiombio.

Slaidi zije baadaye. Aprili 1847, kwa kila akina mama 100 waliojifungulia wodi ya madaktari, walikufa takriban 18. Katikati ya Mei Semmelweis akaamuru watu wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mgonjwa. Juni vifo vikawa takriban 2 kwa kila 100. Mwanafunzi mvivu huchukua jedwali zima la miaka yote akalibandika, kisha akasema "kama mnavyoona hapa". Hatuoni kitu. Weka nguzo mbili tu, ndefu na fupi, na juu yake badala ya "Matokeo" andika matokeo yenyewe: "Vifo vilishuka kutoka 18 hadi 2 kwa kila 100". Asiyekusikia vizuri atasoma hilo, na atakuwa amelipata.

Herufi zisipungue ukubwa wa 24. Usitofautishe vitu kwa nyekundu na kijani peke yake, kwani wapo watu ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo. Ukiwa na wasiwasi kama slaidi inasomeka, nenda ukasimame ukuta wa nyuma uisome mwenyewe.

Usiandike hotuba nzima. Aliyeandika yote husoma yote, na anayesoma huinamisha kichwa, na sauti yake huishia kwenye karatasi. Andika kwa ukamilifu vitu viwili: sentensi ya kwanza na ya mwisho. Yaliyobaki yawe maneno machache kwenye kadi ndogo, zenye namba pembeni ili zikikudondoka uzipange upya. Sentensi ya kwanza isiwe jina lako na shukrani kwa nafasi hii adhimu; jina lako tunalo kwenye orodha. "Itifaki imezingatiwa" waachie viongozi majukwaani. Ingia moja kwa moja: "Katika hospitali moja ya Vienna, wajawazito walikuwa wakiomba wasipelekwe wodi ya madaktari." Darasa litanyamaza.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kusoma slaidi kimoyomoyo ukiwa umelala kitandani si mazoezi. Macho hukimbia kuliko mdomo, kwa hiyo utadhani umetumia dakika 7 kumbe ni 13. Simama, toa sauti, washa saa ya simu. Lenga dakika 9 kama umepewa 10. Halafu chagua mapema slaidi utakayoiruka muda ukibana, uiwekee alama kwenye kadi. Anayeamua cha kukata akiwa mbele za watu hukata hitimisho, yaani kilekile alichokuja kukisema.

Safari ya pili fanya mbele ya mtu asiyesoma fani yako. Usimuulize "nimefanyaje?", atakusifu tu. Muulize "nimesema nini?" Akikurudishia ile sentensi yako kwa maneno yake, umefika. Akisema "umeongelea mambo ya hospitali", rudi mezani. Jirekodi pia. Utashangaa ni "yaani" ngapi umezimwaga, na "sawa?" ngapi. Huna haja ya kuziua zote. Ukishazisikia zenyewe zinapungua.

Ukiona dakika 10 ni chache, kumbuka kuna mashindano yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, ambapo mwanafunzi wa uzamivu huieleza tasnifu yake nzima kwa dakika tatu na slaidi moja tu. Jaribu hivyo nyumbani. Kitakachobaki baada ya dakika tatu ndicho kiini. Kingine ni nyama za kuongezea.

Vifaa nitavipitia haraka. Hifadhi faili kwenye flashi na kwenye barua pepe, na uwe na nakala ya PDF, kwa sababu kompyuta ya chumbani huweza kuvuruga herufi zako. Usitegemee video inayohitaji intaneti. Fika mapema ujaribu waya wa projekta. Na kitufe kimoja wengi hawakijui: kwenye PowerPoint, ukiwa katikati ya onyesho, bonyeza B na skrini inakuwa nyeusi, macho yote yanarudi kwako. Bonyeza tena, slaidi inarudi.

Moyo utakwenda mbio. Hiyo ni adrenalini, na hata wazoefu wanayo. Ndiyo hiyohiyo inayokausha mdomo, kwa hiyo uwe na maji karibu. Kabla ya kuitwa, vuta pumzi kisha itoe taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo hutulia. Kadi ngumu haionyeshi mkono unaotetemeka, karatasi kubwa huonyesha. Mtazame mtu mmoja hadi umalize sentensi, kisha hamia kwa mwingine. Usiongee na skrini. Na ukifika kwenye namba yako kubwa, "kumi na nane kwa kila mia", nyamaza kidogo. Wanafunzi huogopa ukimya, wanaujaza kwa "eee". Mimi kwa ukimya huo ndipo ninapoinua kichwa kutoka kwenye karatasi ya alama.

Kwenye maswali, yale matatu magumu unayajua. Uliyakwepa wakati wa kuandaa. Kwa mfano wetu hakika utaulizwa kwa nini madaktari walimpinga. Jibu lina pande mbili: hakuweza kueleza ni kitu gani hasa kilichobebwa na mikono, kwani nadharia ya vijidudu ilikuwa haijakubalika, na pia hakuna daktari anayependa kuambiwa ameua. Mwingine atauliza kama aliandika kitabu. Aliandika, kikatoka 1861, miaka mingi baadaye. Majibu ya aina hiyo yaweke kwenye slaidi za akiba baada ya ile ya mwisho. Swali lisikilize hadi liishe, lirudie kwa kifupi ili wa nyuma wasikie, jibu kwa sentensi mbili. Usilolijua sema "hilo sikuliangalia, nilichoangalia ni hiki". Usibuni. Anayeuliza mara nyingi jibu analo mfukoni.

Mkiwa kikundi, msigawane slaidi kama vile kila mtu na kwake. Kila mmoja ajue sehemu ya mwenzake, na anayemaliza amkabidhi anayefuata kwa sentensi inayounganisha, si kwa "sasa namkaribisha mwenzangu aendelee".

Swali lililokushinda liandike ukifika tu kwenye kiti. Ripoti ya maandishi ikidaiwa, anzia hapo.