Siki moja, kemia zote tatu
Mwalimu wa kidato cha tano na sita, ukitunga jaribio la kemia jaribu kung'ang'ania kitu kimoja: asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki. Kemia ya kifizikia: uliza pH (kipimo cha uasidi) ya mmumunyo wake wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), ukiwapa wanafunzi Ka, yaani namba inayoonyesha asidi inavyoachia ioni za hidrojeni, ya 1.8 × 10⁻⁵. Jibu ni kama 2.9. Aliyeandika 1 ameichukulia kuwa asidi kali, basi umeshajua pa kumshika. Kemia ya kikaboni: kwa nini klorini ikishika nafasi ya hidrojeni moja kwenye kundi la CH₃ la asidi hiyo, asidi inaongezeka nguvu? Hapa wengi hukariri tu, kwa hiyo dai mchoro unaoonyesha elektroni zinavutwa wapi. Isokaboni fupi tu: siki juu ya magadi, inatoka gesi gani, na maji ya chokaa yatakuwaje?