Tangi la Petroli Likivuja Ardhini: Namna ya Kusafisha Udongo na Maji
Kwanza ondoeni mafuta yaliyobaki tangini, zuieni cheche, na mwaarifu majirani wasinywe maji ya visima hata yakichemshwa, kwa sababu benzini iliyomo katika petroli husababisha saratani, na ikichemka huwa mvuke unaovutwa jikoni. Petroli huelea juu ya maji ya ardhini. Kwa hiyo chimbeni visima vya uchunguzi, mpime unene wa tabaka lake na kulivuta kwa pampu mapema, kazi ambayo haifai kabisa kuahirishwa. Udongo uliolowa huchimbwa. Ule wa kina kirefu hunyonywa mvuke kwa mabomba. Mabaki yaliyoyeyuka majini huliwa na bakteria wakipulizwa hewa. Endeleeni kupima masika na kiangazi, hadi benzini isizidi miligramu 0.01 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani.