Umekamatwa kimakosa kwenye seva ya RP? Hivi ndivyo unavyofungua kesi ya madai mpaka ulipwe

Wakuu habari za muda huu. Mimi nacheza mwanasheria kwenye seva moja ya FiveM ya Wamarekani, naelekea mwaka wa pili sasa. Kwa asiyejua, FiveM ni ile mod (programu ya nyongeza) ya gemu la GTA V inayokuingiza kwenye seva za watu binafsi badala ya GTA Online, na tangu Agosti 2023 iko chini ya Rockstar wenyewe, watengenezaji wa GTA. Seva yetu ni ya RP, yaani roleplay, kila mtu anaigiza mhusika wake, na ni zile za watu siriasi, ukifa unaenda hospitali kweli, gari likiharibika unamwita fundi ambaye ni mtu kama wewe, na kuna mahakama kabisa yenye majaji ambao kwa jinsi wanavyokukazia nahisi wengine huko nje ya mchezo ni mawakili kweli.

Kitu ninachoulizwa kuliko vyote ni hiki: polisi kanikamata bure, nimekaa Bolingbroke (jela ya kwenye gemu) miezi 40, nafanyaje? (Kwetu mwezi mmoja ni dakika moja, usiogope.)

Kabla ya hatua yoyote shika hili, maana mimi lilinigharimu kesi yangu ya kwanza. Kutokuwa na hatia siyo kesi. Nilimtetea jamaa aliyekamatwa kwa wizi wa duka kule Sandy Shores, na mwizi mwenyewe baadaye alikiri kabisa, nikaingia mahakamani nimenyoosha kifua nikijua nimeshinda asubuhi. Jaji akaniuliza maswali mawili tu, la kwanza, askari aliambiwa atafute mtu wa namna gani? Hoodi ya njano, kinyago cha nguruwe, anakimbia kwa miguu. Na mteja wako alivaa nini? Aisee. Hoodi ya njano, kinyago cha nguruwe, na alikuwa anakimbia, eti anafanya mazoezi. Tukapigwa chini dakika kumi. Swali la mahakama siyo wewe ulifanya au hukufanya, swali ni askari alikuwa anajua nini sekunde ile anakufunga pingu. Yote ninayoandika hapa chini yanazunguka hiyo sekunde.

Hatua ya 1: Amua kama ni ya mahakama au ya admini

Hapa ndipo wengi wanakoroga. Kama askari kavunja sheria za seva, mfano kajua ulipojificha kwa sababu alikuwa anaangalia strimu yako, au kakuita jina lako wakati hamjawahi kukutana na una kinyago usoni, hiyo ni metageming, kutumia ndani ya mchezo habari ulizozipata nje yake, fungua tiketi Discord uwaachie maadmini. Lakini kama mhusika wake amefanya kazi ya polisi vibaya, kakukamata kwa haraka, kakusachi bila sababu, hakukwambia kosa, basi hiyo ni stori, na stori inamalizwa ndani ya mchezo. Usifungue zote mbili kwa jambo moja. Jaji atasimamisha kesi mpaka maadmini wamalize, na huyo askari (yule kijana nyuma ya kompyuta) atakuchukia wewe binafsi wakati mlikuwa mnacheza tu.

Hatua ya 2: Pale pale barabarani, ongea kidogo uliza sana

Usibishane, usikimbie, na tafadhali usitukane mama wa mtu kwenye maiki. Uliza kwa sauti inayosikika: nimezuiwa au nimekamatwa? Hii siyo mbwembwe. Seva nyingi za Los Santos (mji wa kwenye GTA V) zimechukua sheria ya Marekani karibu nzima, na kule tangu kesi ya Terry dhidi ya Ohio ya 1968 polisi anaweza kukusimamisha kwa muda mfupi akiwa na shaka yenye msingi tu, ila kukukamata kabisa anahitaji zaidi, anahitaji sababu ya kutosha kuamini kwamba umetenda kosa. Kwa hiyo ukimlazimisha aseme "umekamatwa" umepata ile sekunde yako, kuanzia hapo chochote atakachokigundua hakimsaidii kuhalalisha ukamataji.

Uliza pia kosa ni lipi na namba yake ya beji. Halafu omba wakili, nyamaza.

Na hapa nasisitiza mpaka mnichoke: USIKIRI KOSA ILI UPUNGUZIWE MIEZI. Najua, umechoka, askari anakwambia ukikubali nakupa miezi 15 badala ya 40, washkaji wanakusubiri Legion Square, unasema poa basi. Umejiua. Marekani kuna kesi ya Heck dhidi ya Humphrey ya 1994 inayosema kwa ufupi kwamba huwezi kudai fidia kwa hukumu ambayo bado imesimama, lazima kwanza ifutwe, na kwenye seva yetu wameliandika hilo neno kwa neno. Nimewarudisha wateja wengi nyumbani kwa sababu hii moja tu. Kaa hizo dakika 40, pika ugali, rudi.

Hatua ya 3: Okoa ushahidi kabla hujatoka kwenye gemu

Kama unatumia ShadowPlay (programu ya Nvidia ya kurekodi gemu) weka kumbukumbu yake dakika 20, ndiyo mwisho wake, na bonyeza kuseivu ukiwa bado kwenye gari la polisi maana ukisubiri mpaka utoke jela mwanzo wote umefutika. Ila angalia sheria za seva yako, kuna mahakama zinakataa klipu ya mchezaji kwa sababu mhusika wako hatembei na kamera machoni, wanataka kamera ya kifuani ya polisi, kamera ya gari au ya duka. Kwa hiyo siku hiyo hiyo andika barua kwa idara ya polisi kuwaambia watunze video na rekodi zote za tukio. Sentensi tatu zinatosha. Wakija kusema video imepotea wakati barua yako ipo, jaji hatafurahi nao.

Kitu ambacho watu wanakisahau ni rekodi za kompyuta ya polisi. Kila askari akitafuta namba ya gari au jina la mtu, muda unaandikwa. Omba hiyo. Nitawaonesha ilivyonisaidia.

Hatua ya 4: Jipekue mwenyewe kabla hawajakupekua

Kaa na mteja (au na nafsi yako) muulizane kwa ukweli, kulikuwa na kosa lolote askari aliloliona? Taa nyekundu, mwendo kasi, gari lenye vioo vyeusi kuliko inavyoruhusiwa? Maana kuna mtego. Kesi ya Devenpeck dhidi ya Alford ya 2004 inasema askari akitaja kosa lisilo sahihi bado ukamataji ni halali, ilimradi mambo aliyoyajua pale yangetosha kwa kosa lingine lolote. Na usiseme aah hilo dogo, kuna mama wa Texas alikamatwa kwa kutofunga mkanda, kosa ambalo faini yake haizidi dola 50, mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema ni halali, kura 5 kwa 4. Kama uliruka taa nyekundu mbele yake, mkuu, achana na hii kesi.

Hatua ya 5: Andika hati ya madai, fupi

Majaji wanafanya hii kazi bure baada ya kazi zao, usiwaandikie riwaya. Andika matukio kwa namba, tukio moja namba moja, na muda wake. Hii ni sehemu ya ile niliyoandika mwaka jana, nimeitoa Kiingereza:

1. Mdai alikuwa peke yake ndani ya gari aina ya Sultan nyekundu, karibu na Legion Square.
2. Taarifa ya redio ilitaja Sultan nyekundu, wanaume wawili, imetoka kuibia benki ya Fleeca.
3. Mdaiwa alimshusha mdai na kumfunga pingu saa 2:14.
4. Mdaiwa alitafuta namba ya gari kwa mara ya kwanza saa 2:19.

Umeona namba nne? Ile ndiyo kesi nzima. Dakika tano baada ya pingu ndiyo anaangalia gari ni la nani. Sijaandika popote kwamba mteja wangu ni mtu mwema anayependa mama yake.

Mstari wa sheria ni mmoja tu, taja kifungu cha katiba ya seva yenu kinachofanana na Marekebisho ya Nne ya katiba ya Marekani (yanayomlinda mtu asikamatwe wala kusachiwa bila sababu ya msingi), na kile cha kudai fidia kwa mtumishi wa serikali, ambacho kule kwao kinatokana na sheria ya 1871. Mshtaki askari mwenyewe na idara pia kama seva inaruhusu. Kule Marekani idara haibebeshwi mzigo kirahisi, lazima uonyeshe ni sera au mazoea yao, ila kwetu wamelegeza maana askari mmoja hana hela ya kumlipa mtu.

Fidia piga hesabu ya kweli: faini uliyolipa, gari lililovutwa yadi, vitu walivyochukua, kipato cha hizo dakika, na kitu kidogo cha usumbufu. Ukidai milioni tano za hela ya mchezo jaji anacheka, na akishacheka hata zile elfu 30 za halali anakupa kwa shingo upande.

Hatua ya 6: Siku ya kesi

Kwanza saa. Kesi ya saa tatu usiku New York kwetu ni saa kumi alfajiri, na wakishabadilisha saa zao Novemba inakuwa saa kumi na moja. Mara moja Luku iliniishia katikati ya maswali, nikarudi kwa data ya simu huku najibu jaji kwa minong'ono maana watoto wamelala. Nunua umeme jana yake.

Kiwango cha ushahidi kwenye madai ni mizania tu, upande upi una uwezekano zaidi, siyo ile ya kutoacha shaka. Kwa hiyo usimkaange askari, mwache aongee. Mimi nilimuuliza maswali manne mafupi. Uliambiwa watu wawili? Ndiyo. Uliona wangapi? Mmoja. Uliona begi, silaha, hela? Hapana. Namba ya gari ulitafuta kabla au baada ya pingu? Akanyamaza, kisha akasema hakumbuki, nikaweka ile rekodi ya saa 2:19. Nikakaa. Kishawishi cha kuuliza swali la tano, "kwa nini?", ni kikubwa sana na ndilo swali linalompa nafasi ya kujieleza, liache.

Wakili wake atasema askari ana kinga kwa kuwa alifanya kazi kwa nia njema. Jibu: tangu Harlow dhidi ya Fitzgerald ya 1982 haiangaliwi nia yake, inaangaliwa kama askari mwenye akili timamu angejua kwamba anavunja haki inayofahamika wazi. Sema hivyo, basi, usiongeze.

Hatua ya 7: Wakitaka kumalizana nje

Mara nyingi watakufuata ukishapata ile rekodi. Kubali kama wanalipa faini, gari na nusu ya usumbufu, na hakikisha wanafuta kosa kwenye rekodi yako, hilo lina thamani kuliko hela maana askari wote wanaofuata wataliona. Iandikwe, isainiwe, jaji aipitishe. Ahadi ya kwenye sauti ya Discord usiichukue.

Yule wa Sultan alikataa kumalizana, tukaenda mpaka hukumu, akapata elfu 38 na rekodi ikafutwa. Akapaka gari kijani. Siku mbili baadaye ananipigia, wakili nimekamatwa tena, namuuliza ulikuwa unaendeshaje, ananiambia mia na themanini pale daraja la Vespucci. Nikamwambia lipa faini ulale.