Somo: Kuhesabu wageni halisi wa tovuti, siyo mashine

Wadau, habari za leo. Wengi wetu hapa Moshi na Arusha tunatunza tovuti za kampuni za safari na za kupanda mlima, na kila mwisho wa mwezi bosi anauliza: "Tumetembelewa na watu wangapi?" Jibu limo kwenye faili la kumbukumbu la seva. Kila ombi linaacha mstari mmoja wenye anwani ya IP (namba ya mtandao ombi linakotoka), saa, ukurasa, msimbo wa jibu na jina la kivinjari.

Hatua ya 1. Nakili faili kwenye kompyuta yako, kisha tazama nani anaomba sana:

cut -d' ' -f1 access.log | sort | uniq -c | sort -rn | head

Hatua ya 2. Ondoa roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe, na hapa msiwe na haraka hata kidogo. Nilikaa na ofisi moja iliyokuwa inashangilia ukurasa wake wa bei za njia ya Lemosho, imeshaanza kuulizia wapagazi wa ziada. Kufungua faili, nakuta anwani moja inaomba ukurasa uleule kila baada ya sekunde tano, usiku kucha, bila kupakua picha hata moja. Anayeota Kilimanjaro hutazama picha. Aliyekuja kuchota bei hana haja nazo. Roboti waungwana, kama Googlebot wa Google, hujitaja. Wengine hujifanya Chrome, kwa hiyo angalia mwendo wao, siyo jina. Inaniuma sana watu wakiahidiwa kazi kwa hesabu ya mashine.

Hatua ya 3. Rekebisha saa. Seva nyingi huandika UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa 3: 18:00 ya seva ni saa tatu usiku kwetu.

Hatua ya 4. Unganisha maombi yawe ziara. Mgeni akinyamaza dakika 30, ihesabu ziara mpya. Kisha ipe algoriti ya k-means muda wa kila ziara na idadi ya kurasa, ikupangie makundi. Weka vipimo hivyo kwenye mizani moja kwanza, la sivyo sekunde zitameza kurasa. Utawaona wanaolinganisha njia za Marangu na Machame, na wanaokwenda moja kwa moja kwenye fomu.

MASWALI

Kutoka Majengo, Moshi: Mkuu, laptop yangu ina RAM ya GB 4, itaweza kuhesabu anwani za mamilioni ya mistari?

Itaweza. Tumia HyperLogLog, mbinu ya kuhesabu vitu tofauti ya Philippe Flajolet na wenzake, 2007. Haihifadhi orodha, inakadiria tu: kwa kumbukumbu ya kilobaiti 1.5 inahesabu zaidi ya anwani tofauti bilioni moja, kosa likiwa kama asilimia 2.

Kutoka Njiro: Kaka, IP moja ni mtu mmoja?

Hapana, dada. Mitandao ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja. Na kwa kuwa anwani inaweza kumfichua mtu, ifiche ukishahesabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023.

Kutoka Usa River: Naomba kujua, naweza kutabiri wageni wa Juni kwa yale watu wanayotafuta Google?

Kwa tahadhari. Google wenyewe walianza kukadiria mafua kwa njia hiyo 2008. Msimu wa 2012/13 makadirio yao yakazidi mara mbili ya takwimu za CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Mtu hutafuta mafua hata akiwa mzima, kwa kuwa ameyasikia kwenye habari. Linganisha mitafuto na daftari lako la malipo ya misimu mitatu iliyopita. Visipokwenda pamoja, fuata daftari.