Ukitaka kwenda kufundisha nje kupitia kanisa, anzia hapa hapa Malindi

Jamani vijana, kama mnataka kujitolea ualimu nje kupitia programu za Kikristo kama IVEP ya MCC (shirika la makanisa ya Mennonite), ile ya kubadilishana vijana wa kujitolea mwaka 1 Marekani ama Kanada, msingoje mpaka mwitwe ndo mtafute paspoti, ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, leo na uombe pia cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), wanachukua alama za vidole vyote 10.

Barua ya mchungaji ndo muhimu zaidi, mwambie aandike umefundisha sande skuli watoto wa umri gani, muda gani, sio "kijana mzuri" tu.

Mi naona kabla hujaomba keti kwanza na watoto 5 hapo mtaa wa Kisumu Ndogo chini ya mwembe, ufundishe kusoma, utajijua subira yako. Na mtu akitaka pesa ya viza kwa M-Pesa yake binafsi, kataa kabisa.