Namna ya kumpima kidukari anafuata harufu ya mmea gani

Vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea) kumi wa kwanza niliowapima kwenye bomba la njia panda walikwenda kushoto wote. Nikafurahi, maana mche wa maharage ulikuwa kushoto. Nikauhamishia kulia, wakaenda kushoto vilevile. Kumbe dirisha lilikuwa upande huo, nao walikuwa wanafuata mwanga. Kwa hiyo kabla ya lolote, lizungushie bomba kisanduku cheupe na uweke taa moja juu, katikati kabisa.

Bomba liwe la kioo, lenye umbo la herufi Y. Plastiki hunasa harufu, ikakaa nayo. Hewa itoke kwenye pampu ndogo ya tangi la samaki, ipite kwenye mkaa wa kuchujia ili isafike, halafu kwenye chupa ya maji ipate unyevu, kisha igawanyike kwenda kwenye mitungi miwili, kila mmoja ukipuliza kwenye tawi lake la Y. Mdudu unamwachia chini, kwenye shina la Y. Akinusa anachokitaka, atatembea kuelekea hewa inakotoka. Puliza polepole, maana ukizidisha atajibanza tu.

Mmea usiukate. Majaribio mengi huharibikia hapa. Jani lililokatwa hutoa ile harufu ya nyasi zilizofyekwa, ambayo karibu kila mmea wa kijani huitoa ukijeruhiwa, kwa hiyo utakuwa unapima kidonda badala ya maharage. Kwa kabichi ni balaa zaidi: mafuta yake makali ya jamii ya haradali hutengenezwa pale seli zinapopasuka. Weka mche mzima pamoja na kikopo chake, na kwenye mtungi wa pili weka kikopo cha udongo uleule, wenye maji yaleyale, bila mche. Ukiuacha mtungi huo mtupu, hutajua kama mdudu amefuata maharage au udongo mbichi.

Usikimbilie pia kununua kemikali moja ukadhani ndiyo "harufu ya maharage". Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba baadhi ya harufu za maharage, zikitolewa moja moja, humfukuza kidukari mweusi wa maharage, ilhali zikichanganywa kama mmea unavyozichanganya, humvuta. Vipapasio vyake vinasoma mchanganyiko.

Tumia vidukari wenye mabawa, maana ndio wanaohama kutafuta mmea. Wanyime chakula kwa muda wa saa mbili. Kila mmoja apimwe mara moja tu, kwa dakika tano. Asiyechagua mwandike "hakuchagua", usimsukume kwa brashi (nimewahi kusukuma, naona aibu). Kila baada ya watano, badilishana pande za mitungi, usafishe bomba kwa spiriti na ulikaushe.

Kati ya 20 waliochagua, 14 kwa 6 bado inaweza kuwa bahati. Mimi huanza kuamini wakifika 15.

Na asubuhi ya kupima, usijipake manukato.