Bastola ndogo mpya: mambo ya kuzingatia kabla ya kuibeba

Nchini Kenya raia haanzii dukani, anaanzia kwenye Bodi ya Leseni za Silaha. Cheti ndicho kinachotaja aina ya silaha, idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua, na idadi unayoruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja. Isome idadi hiyo mapema, maana ndiyo itakayopanga majaribio yako. Bastola mpya inahitaji risasi 200 hivi kabla hujaiamini, na kama ruhusa yako ni ndogo kuliko hapo, zoezi litagawanywa kwa safari kadhaa za uwanja wa shabaha. Sefu nayo ifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni kabla silaha haijafika nyumbani. Siku ya kuichukua, linganisha nambari iliyochongwa kwenye fremu (kiunzi cha bastola chenye mpini) na ile ya kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Kosa la herufi moja linakuwa lako ukishatoka mlangoni.

Kuhusu ukubwa, wengi hukimbilia iliyo ndogo kabisa kwa sababu inajificha vizuri chini ya shati. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na magazini (kibebea risasi kinachoingia mpinini) ya risasi 15. Glock 43X ni nyembamba zaidi, mtutu milimita 87, risasi 10. Tofauti hiyo si ya kujificha tu. Slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa, ikiwa fupi ni nyepesi, inakwenda mbio na kurudi ndani ya nafasi ndogo, kwa hiyo kiwanda huiwekea springi ngumu. Springi ya magazini nayo inapata muda mchache wa kusukuma risasi inayofuata juu kabla slaidi haijarudi. Ndiyo maana bastola ndogo haisamehe mshiko legevu, mafuta machafu wala risasi dhaifu kama inavyosamehe kubwa. Kama huwezi kuikoki mara kumi mfululizo bila kuhangaika, au kidole hakifiki katikati ya traiga (kifyatulio) bila kuusogeza mkono, chukua iliyo kubwa kidogo.

Hapo hapo dukani, toa magazini, vuta slaidi na uifunge nyuma, kisha tazama chemba, mahali risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho na uiguse kwa kidole. Magazini tupu inapaswa kuanguka yenyewe ukibonyeza kitufe, na slaidi ibaki nyuma ukikoki ikiwa na magazini tupu. Omba ruhusa ujaribu traiga bila risasi: ivute na uishikilie nyuma, koki, kisha iachie polepole hadi usikie mlio mdogo wa kujipanga upya. Jaribu kila magazini iliyomo kwenye sanduku.

Usiende uwanjani na bastola kama ilivyotoka kiwandani, kwani mafuta yaliyomo mara nyingi yamewekwa kuzuia kutu, si kulainisha. Kwenye Glock na nyingi za aina yake lazima uvute traiga ili kuifungua vipande vipande, kwa hiyo kagua chemba mara mbili na uiondoe kabisa risasi yoyote kwenye chumba unachofanyia kazi. Utabaki na vipande vinne: slaidi, mtutu, springi ya kurudisha na fremu. Safisha mtutu kwa brashi na kitambaa hadi kitoke safi, kausha, kisha weka tone moja moja kwenye reli ambazo slaidi huteleza juu yake na nje ya mtutu. Grisi ya rangi ya shaba kwenye slaidi ya Glock mpya iache ijimalize yenyewe. Usitie mafuta kwenye njia ya pini inayopiga fataki (kofia ndogo ya kuwashia baruti kitakoni mwa risasi): yananasa masizi, pini inapoteza nguvu, na fataki inabaki na kovu dogo bila kulipuka.

Kwenye sanduku la risasi, 9 mm Luger, 9 mm Parabellum na 9x19 ni kitu kimoja. 9x18 Makarov na 9 mm Kurz ni vingine, usikubali kuambiwa zinaingiliana. Za mazoezi, chagua zenye kichwa cha greini (kipimo cha uzito) 115 au 124 na ganda la shaba njano la kiwanda kinachojulikana.

Vaa miwani na kinga ya masikio. Andika namba kwenye kila magazini. Mzunguko wa kwanza weka risasi moja tu, uone kama slaidi itafunga nyuma. Wa pili weka mbili, uhakikishe haipigi zote kwa mvuto mmoja. Ndipo ujaze. Weka daftari: magazini ipi, risasi ya ngapi, ilikwama vipi. Daftari hili ndilo linalotenganisha ubovu na bahati mbaya. Ikikwama kwenye magazini namba 2 peke yake, tatizo ni magazini. Ganda likisimama wima dirishani, kwenye tundu la slaidi linalotolea maganda, angalia mshiko kwanza, maana mkono ukilegea fremu inarudi pamoja na slaidi, na slaidi haikamilishi safari yake. Slaidi isipofunga nyuma baada ya risasi ya mwisho, mara nyingi ni kidole gumba kilichoegemea kitufe chake. Risasi zikidondoka chini kushoto kwa mtumiaji wa mkono wa kulia, mpe mkufunzi apige tano kabla hujagusa vilengeo.

Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Toa magazini, ondoa kilichomo chembani, fungua, tazama mtutu dhidi ya mwanga.

Risasi 50 za mwisho ziwe zile zile utakazobeba. Ikikwama moja kwa kosa la silaha, tengeneza, kisha anza kuhesabu upya. Ukimaliza, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa ajili ya madini ya risasi yaliyobaki kwenye ngozi.

Holsta (mfuko wa kubebea bastola) iwe ngumu, ifunike traiga yote, na mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Na usiingize risasi ile ile chembani kila asubuhi: kila kukoki kunasukuma kichwa ndani ya ganda, na shinikizo linapanda. Ipange kando ya risasi mpya ya sanduku lile lile. Ikionekana fupi, hata kidogo, usiipige.